Gari Lililobadilishwa Nikiwa Ndani

Tangu nirudi, kila anayenikuta kwenye foleni ya maji ananiuliza: Mama Edna, ni kweli ulifungiwa ndani ya gari Nakuru? Ni kweli watu walitaka kumpiga mkwe wako? Nimesimulia vipande hapa na pale, na sasa nasikia vipande hivyo vimeota miguu. Juzi mama mmoja wa Sarang'ombe aliniambia amesikia gari lilinimeza. Halikunimeza. Naandika yote mara moja, halafu mtu asiniulize tena. Sikusoma sana, kwa hiyo mkiona neno limekaa vibaya, lirukeni mwendelee.

Kilichonitoa nyumbani ni dada yangu Rasoa, mkubwa wangu, ambaye alikuwa amelazwa hospitalini kwetu Vihiga. Sukari. Kidonda cha mguu wa kulia kilikuwa kimeoza, na madaktari wakasema mguu ukatwe kabla sumu haijapanda mwilini. Rasoa akakataa. Wanawe wakalia, mchungaji akaomba, akakataa. Akasema hataki kusikia neno mpaka mdogo wake wa Nairobi afike. Daktari wa upasuaji hakai pale, huja kwa zamu, na siku ile alikuwa anaondoka jioni. Akiondoka, mpaka wiki nyingine. Mguu wa Rasoa haukuwa na wiki nyingine. Mtoto wake Jotham alinieleza hayo kwa simu asubuhi, kisha simu ikakatika, sijui ni salio liliisha au ni machozi.

Kianda hadi Kawangware 56

Nilimpigia binti yangu Edna. Akasema, "Mama, Baba Imani atakupeleka na gari. Ukingoja basi hutafika."

"Mimi na yeye? Ndani ya gari moja?"

"Mama, huu si wakati wa hayo."

Ninyi mliozaliwa hapa mtanicheka, lakini kwetu mama mkwe na mkwe hawachezeani. Hatushikani mikono. Mimi sili mbele yake na yeye hali mbele yangu. Sikai kwenye kiti chake, na jina lake halijawahi kutoka kinywani mwangu tangu aje kuposa. Namwita Baba Imani, kwa ajili ya mjukuu wangu. Huo si ujinga, ni heshima, na ndiyo imefanya tusigombane hata siku moja.

Barabara ya kwetu ilikuwa imechimbwa, kwa hiyo Edna akasema mumewe atanisubiri pale kituo cha 56, Kawangware wanakokaa. Nilifunga kuku aliyepikwa kwenye kiondo, nikachukua pikipiki. Mwenye pikipiki alikuwa mwanamume wa makamo, ndevu zimeanza mvi, na pikipiki yake ilikuwa hizi mpya zisizo na moshi. Tulipofika njia panda, ikazima. Akaisukuma kando.

"Shosho, tulia kidogo tu," akaniambia, kama mimi ni nyanya yake.

"Mafuta yameisha?"

"Hii haina mafuta. Inafanya apdeti."

"Inafanya nini?"

"Wenye kampuni wanaiongezea akili."

Niliangalia mbele, nikaangalia nyuma. Palikuwa na mbuzi mmoja na mtu anayeuza soksi. "Hao wenye kampuni wako wapi?"

"Wako ofisini kwao, shosho. Wanaituma kwa hewa."

"Na wewe ukikataa?"

Akacheka kama mtu ambaye hajawahi kufikiria hilo. "Nikikataa si italala hapa?"

Mtu hayupo, hajashika kitu, hajasema hodi, na pikipiki imezimwa chini yangu. Ikawaka tena baada ya muda mfupi na kioo chake kikawa na rangi nyingine. Yule baba akasema "Poa!" akapanda, kama vile hakuna kilichotokea. Nikajishika vizuri.

Kawangware 56 hadi Nakuru

Baba Imani alikuwa amesimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, macho chini. Alinifungulia mlango wa nyuma akasogea kando nipite. "Karibu, mama." Nikatandaza leso yangu kubwa kati ya viti vya mbele na vya nyuma, nikaibana pande zote mbili. Kisogo chake tu ndicho nilichokiona juu yake, na hicho si kosa.

Simu yangu haikuwa na moto. Niliipitisha chini ya leso, akaichomeka huko mbele. Kwenye gari hilo kuna kioo kikubwa kama sinia, na kilikuwa kimewaka maneno mengi. Nilimwona akikigusa harakaharaka, kama mtu anayefukuza nzi, maneno yakaondoka. Tukatoka.

Gari halikunguruma. Nilidhani limezimika tukiwa tunateremka, nikashika mlango. Edna alikuwa kwenye simu ya mumewe, kwa sauti ya juu, yeye ndiye aliyekuwa daraja letu.

"Edna, muulize kwa nini gari limenyamaza."

"Mama, ni la umeme. Linaenda hivyo."

"Edna," Baba Imani naye akasema, "mwambie mama afunge mkanda."

"Mama, funga mkanda."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Hivyo ndivyo tulivyopanda hadi Limuru kwenye ukungu, tukateremka bondeni, wawili ndani ya gari moja na mazungumzo yetu yakipitia Kawangware. Edna alipochoka akasema ana kazi, akakata. Nilikuwa nahesabu milima kichwani na kumwambia Rasoa angoje.

Mtaniuliza kama niliogopa. Bado. Mimi nina vyumba vitatu vya kupangisha pale Kianda, mnavijua. Mpangaji hata akinikasirisha namna gani, siingii chumbani mwake bila kubisha, na akiwa hayupo siingii kabisa. Nilidhani kila mwenye kitu anaishi hivyo.

Nakuru, kwenye kiwanja cha magari

Tuliingia mahali pa kuchaji, nyuma ya maduka. Palikuwa na mtambo mmoja tu na gari lingine lilikuwa limeshaushika. Baba Imani akasimamisha letu nyuma yake. Akasema akitazama usukani, "Mama, labda ule kidogo. Mimi nitaenda upande ule." Alikuwa sawa. Ningewezaje kula akiwa pale? Akaondoka hadi nyuma ya vibanda, mahali ambapo siwezi kumwona akitafuna. Nikafungua kiondo.

Sijafika hata kwenye paja la kuku, upepo uliokuwa ukitoka kwenye vitundu ukakoma. Taa zote zikazima. Kile kioo kikawa cheusi, kisha ukatokea mstari mweupe, mwembamba, unaotambaa kama siafu kwenda upande wa kulia. Nikabonyeza dirisha. Halikusogea. Nikavuta mlango. Haukufunguka. Nikavuta wa upande wa pili. Haukufunguka.

Baadaye nilielezwa kwamba milango ya nyuma imefungwa kwa ajili ya Imani, asije akaanguka njiani, hiyo haifunguki kutoka ndani hata gari likiwa zima. Wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba nimefungiwa, jua linapiga, na mtu ambaye hayupo ameingia ndani ya gari nilimokaa na kuanza kulibadilisha.

Nikapiga kioo kwa kiganja. Mama mmoja aliyekuwa akiuza njugu akaja, akaweka uso kwenye dirisha, akaniita nyanya kwa Kikuyu.

"Cucu, uko sawa?"

"Nimefungiwa!"

"Na nani?"

Sasa hapo ningejibu nini? "Na gari."

"Na nani?"

"Na watu wa hewa!"

Alinitazama kwa huruma sana, kisha akamwita soja, mlinzi wa kile kiwanja. Soja akaja na rungu lake, akavuta milango kwa nje, ikakataa. Wakaja wengine. Jamaa mmoja akaokota jiwe, akasema atavunja kioo, soja akamwambia kioo cha mtu hakivunjwi ovyo. Wakaanza kubishana na mimi naiva mle ndani.

Mtasema, si ungepita mbele? Mbele kulikuwa na kiti cha mkwe wangu, koti lake limening'inia, nafasi kati ya viti ni nyembamba, ningepita juu ya kiti chake kwa makalio. Niliona bora jasho.

"Cucu, mwenye gari ni nani?" soja akauliza.

"Ni Baba Imani."

"Jina lake."

"Ndilo hilo."

"La kitambulisho, cucu!"

Hilo sikulitaja. Nikaona wanatazamana. Mama wa njugu akasema kwa sauti, "Huyu mama hata hamjui aliyembeba."

Ndipo Baba Imani akatokea kule vibandani, anafuta mikono. Akaona watu wamezunguka gari, akakimbia. Alipofika karibu akaniona nimevua kitambaa cha kichwa kwa sababu ya joto, akasimama palepale, akainamisha kichwa.

"Wewe, hii gari ni yako?" soja akamuuliza.

"Naam."

"Huyu ni mama yako?"

"Hapana."

Kila mtu akasema aaah.

"Ni mama ya bibi yangu."

"Basi mfungulie!"

Akatoa simu yake, akaibonyeza, akabonyeza tena. "Haiwezi kufungua. Inafanya apdeti. Niliikubalia asubuhi bila kusoma, nilidhani ni tangazo."

"Njoo hapa mbele ya kioo umwangalie huyu mama tuone kama anakujua."

Hakusogea. Alitazama viatu vyake. Mtu mzima, mzee wa kanisa, ametazama viatu vyake kama mwizi, na yote ni kwa kuniheshimu mimi. Lakini wale wangejuaje? Yule jamaa wa jiwe akasema, "Mnaona? Hata macho hawezi kuinua. Huyu ameiba mama ya watu." Mtu akamshika kola. Mtu mwingine akampiga kofi la kisogo. Na nyuma kabisa, mahali nisipoona uso, nikasikia sauti moja, tulivu kabisa, ikiuliza tairi liko wapi.

Ninyi mnaishi hapa. Mnajua tairi ni la nini.

Mwili wangu ulikwenda kabla yangu. Nilirarua ile leso, nikajisukuma kati ya viti, nikakaa kwenye kiti cha mkwe wangu, mzimamzima, na koti lake likaniangukia kichwani. Nikavuta mlango wa mbele. Ukafunguka. Ulifunguka vizuri tu, kama mlango wowote.

"Mwacheni!" nikapiga kelele. "Mwacheni huyo! Anaitwa Elphas! Elphas ni mkwe wangu! Binti yangu nilimtoa mimi mwenyewe kwa mkono huu! Atakayemgusa anipige mimi kwanza!"

Mkono ukaachia kola. Elphas akainua macho akanitazama, mara ya kwanza tangu nimjue, na sijui ni nani kati yetu aliyeshtuka zaidi.

Mama wa njugu akasogea karibu. "Cucu, kumbe mlango ulikuwa unafunguka?"

"Wa mbele," nikasema.

"Na ulikuwa unangojea nini humo ndani?"

Nikamweleza kwa maneno machache. Akashika kiuno. "Yaani huyu angechomwa kwa sababu ya heshima?" Kisha akacheka mpaka akakaa chini, na wengine wakacheka, hata yule wa kofi, ambaye alikuja kumpangusa Elphas bega kama aliyemkuta ameangukiwa na vumbi. Sikucheka. Nilimuuliza soja ni nani aliyetaja tairi. Akasema hakusikia mtu akitaja tairi.

Gari halikujali. Mstari ulikuwa bado katikati. Tukakaa kwenye ukingo wa saruji, mimi mwisho huu, yeye mwisho ule, tukingoja watu wasioonekana wamalize. Waliokuja nyuma yetu wakachukua mtambo kabla yetu. Jotham akapiga simu: daktari anauliza, mko wapi?

"Mwambie tuko njiani," nikasema, na njia ilikuwa pale mbele yangu, haisogei.

Nakuru hadi Majengo

Lilipowaka na kupata umeme wake, lilikuwa gari lingine. Sisemi utani. Viti vilikuwa vimejirudisha mahali pengine, honi ilikuwa na sauti ya kitoto, na Elphas akiondoa tu mguu kwenye pedali, gari lilijishika lenyewe kama punda aliyeona nyoka. Hakuna fundi aliyeligusa. Hakuna boneti iliyofunguliwa. Hadi tunapita chai za Kericho, mvua inanyesha, alikuwa anajifunza upya kuliendesha gari ambalo amelijua mwaka mzima.

Nilikaa mbele. Leso ilikuwa imeraruka, na tena ningejificha nini?

"Hawakukuuliza?" nikamwambia. Moja kwa moja, bila Edna.

"Waliuliza, mama. Maneno mengi, mwisho kuna mahali pa kukubali. Mtu hasomi."

"Na mahali pa kukataa?"

Akafikiria. "Kuna mahali pa 'baadaye'."

Nilishangaa sana. Mtu anakuja mlangoni kwako, na wewe majibu yako ni mawili tu, sasa au baadaye.

Karibu na Ahero akakiri ana njaa. Kule vibandani alikuwa amemeza kipande kimoja tu kabla ya kusikia kelele. Nikafungua kiondo juu ya mapaja yangu. Nikachukua firigisi, ile tunayomwekea mwanamume mwenye nyumba, nikampa mkononi. Akala akitazama barabara, na mimi nikala nikitazama mashamba ya mpunga, na mbingu haikuanguka. Tukapita Kisumu, tukapanda Kiboswa, tukafika Majengo ya Vihiga, na jua lilikuwa limeshainama.

Hospitalini

Tulipoingia kwenye lango, gari jeupe lilikuwa linatoka. Langoni hapapiti mawili. Jotham alikuwa anakimbia kando ya lile jeupe akigonga kioo, ndipo nikajua aliyemo ni nani.

Nikateremka. Daktari alikuwa mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, na macho yake yamechoka.

"Mama, nimekaa tangu asubuhi. Mgonjwa amekataa, na nina safari."

"Nipe nafasi niongee naye."

"Hatabadilika. Tafadhali mwambie dereva arudi nyuma nipite."

Nikamgeukia Elphas. Alikuwa ameshika usukani, anatazama mbele.

"Samahani sana, daktari," akasema. "Halisogei. Linafanya apdeti."

Kile kioo cha sinia kilikuwa kinawaka vizuri, naona kutoka pale niliposimama. Mzee wa kanisa! Nilimtazama, akanitazama. Nikaenda wodini haraka.

Rasoa alikuwa amekonda, lakini ulimi ulikuwa mzima. "Umeletwa na nani?"

"Na mkwe."

"Ukakaa wapi?"

"Mbele."

Akafumba macho. "Kwa hiyo nakufa wakati mzuri."

"Hufi. Kwa nini umekataa kukatwa?"

"Nimekataa?" Akajaribu kuinuka. "Nani aliniuliza nikakataa? Walisimama hapo miguuni wakiongea juu yangu kama mimi ni meza. Yule kijana akamwambia Jotham, 'Tutaukata hapa,' akaonyesha kwa kalamu. Ni mguu wa Jotham? Nikasema mimi sikati kitu na watu hawa. Nikasema aje mtu anayenijua nina mdomo."

Mchungaji ameomba, watoto wamelia, mimi nimepigiwa simu Nairobi, mtu karibu achomwe Nakuru, na ni kwa neno hili moja.

Nilirudi langoni. Daktari alikuwa ameshuka, anatazama saa yake na kulitazama gari letu.

"Umemuuliza Rasoa mwenyewe?" nikasema.

"Nimewaeleza wanawe wote, mama. Nilieleza palepale kitandani. Alikuwa anasikia."

"Nimekuuliza habari ya Rasoa, unanijibu habari ya wanawe. Ulimuuliza?"

Kwa haki yake niseme, hakubisha. Alinifuata.

Akavuta kiti, akakaa mahali ambapo Rasoa anaweza kumwona usoni. Akamwambia jina lake. Akamwambia ugonjwa umefika wapi na anataka kukata wapi, na kwa nini. Rasoa akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nitaumia?"

"Wakati wa kukata, hapana. Baadaye, ndiyo."

"Nitatembea?"

"Kwa mguu wa kutengenezwa, ukijifunza."

"Nikikataa?"

Yule kijana hakugeuka kumtafuta Jotham. "Utakufa, mama."

Rasoa akalaza kichwa kwenye mto. "Basi kata. Siku nzima ulikuwa unangojea nini?"

Walimkata jioni ileile, chini ya goti. Nilikaa naye mpaka alipoanza kugombana na wauguzi kuhusu uji, ndipo nikarudi, na nilirudi nimekaa mbele. Hayo ndiyo yaliyotokea, na mengine mnayoyasikia ni ya watu.

Sasa Rasoa anajifunza kusimama, na amenipigia simu kwamba anataka kiatu cha kanisani. Nimezunguka mitumba yote ya 56, wananiambia hawauzi kimoja, nichukue viwili. Nikimpelekea viwili atanitupia cha pili. Kwa hiyo yeyote kati yenu akiona kiatu cha kushoto, cheusi, cha ngozi, namba sita, kisicho na kisigino, asikipite. Anipigie, nije nikione mwenyewe.